Kaisari Aliyepoteza Sauti

Siku hizi wapo miongoni mwetu wanaovuka bahari kutafuta matibabu. Tumeona vema kuwaletea habari za mkubwa mmoja wa zamani aliyepita njia hiyo hiyo, yaani Friedrich wa Tatu, Kaisari wa Ujerumani.

Alizaliwa Potsdam tarehe 18 Oktoba, 1831. Mwaka 1858 alimwoa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, huko London. Alikuwa jemadari hodari katika vita vya 1866 na 1870, lakini moyoni hakupenda vita.

Mapema mwaka 1887 sauti yake ilianza kukwama. Madaktari wa Berlin walikuta kijinyama kooni, wakakichoma mara nyingi kwa waya wa moto, kikaota tena. Wakataka kumpasua. Ndipo akaitwa Daktari Morell Mackenzie kutoka London. Yeye alikata kipande kidogo, kikapimwa na Profesa Virchow, ambaye hakuona kansa. Upasuaji ukaachwa. Mwezi wa Juni mgonjwa akaenda Uingereza kutibiwa na Mackenzie, akapumzika katika kisiwa cha Wight, penye hewa safi ya bahari. Matumaini yakawa makubwa.

Novemba alihamia San Remo, mji wa pwani ya Italia, ambako wagonjwa wa nchi za baridi walikimbilia wakati wa kipupwe. Lakini huko uvimbe mpya ulionekana, na madaktari wakakiri kwamba ni kansa. Friedrich alitaka kuambiwa kweli, akaambiwa, akaipokea kwa utulivu. Njia zilikuwa mbili: kuondolewa koo lote la sauti, jambo ambalo siku zile wachache waliokoka nalo, au kungoja na kutobolewa tundu pumzi itakapozibana. Akachagua ya pili. Tarehe 9 Februari, 1888 alitobolewa koo, akatiwa mrija wa kupumulia. Tangu hapo alisema kwa kuandika juu ya vipande vya karatasi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Machi, baba yake alifariki akiwa na miaka 90. Kesho yake Friedrich aliiacha pwani yenye joto, akarudi katika baridi ya Berlin kushika kazi yake. Alitawala siku 99 tu, bila sauti, akafa tarehe 15 Juni. Mwanawe, Wilhelm wa Pili, ndiye Kaisari ambaye babu zetu wa Tanganyika walimjua hata vita ya 1914. Nao madaktari wa nchi mbili wakaandika vitabu kulaumiana.

Bahari haikumponya. Lakini San Remo alipewa kitu ambacho wagonjwa wengi hunyimwa: aliambiwa kweli, akaachiwa achague mwenyewe. Sisi tulipomwuguza mama yetu, tulimficha ugonjwa wake tukidhani ni upendo. Wakubwa tulibishana nje ya mlango, naye akafa bila kutuaga, kwa sababu hakujua kwamba anaondoka. Jambo hilo hatujalisahau.

Basi, wapenzi, tukimwuguza mtu wetu, hapa au ng'ambo, tumwambie kweli kwa upole. Na sauti yake ikipotea, tumpe karatasi na kalamu, tungoje amalize kuandika.