Maisha ya Yosefu, aliyeuzwa na ndugu zake

Jina la Yosefu mwana wa Yakobo tunalijua tangu utoto. Lakini mara nyingi tunakimbilia enzi yake kule Misri, na ile njia ndefu tunaipita mbio.

Alizaliwa katika nyumba ya baba mmoja na mama wanne: Lea na Rakeli, mabinti wa Labani, pamoja na watumishi wao Bilha na Zilpa. Aliyekulia kwenye lupango la wake wengi haombi kuelezwa zaidi. Yakobo alimpenda Rakeli, na mtoto wake Yosefu akampenda kupita wote, akamshonea kanzu ya pekee. Wakubwa wake hawakuweza tena kumsalimu kwa amani. Tusimtetee Yakobo: mbegu ya ugomvi aliipanda mwenyewe, naye alikuwa amekulia nyumba ambamo baba alimpenda Esau na mama akampenda yeye.

Yosefu naye alipeleka kwa baba habari mbaya za ndugu zake. Kiisha akaota miganda yao ikiinamia mganda wake, tena jua, mwezi na nyota 11 zikimwinamia, akawasimulia. Ndoto ilitoka kwa Mungu, lakini hatusomi kwamba Mungu alimtuma kuisimulia mbele ya watu waliokwisha kumchukia.

Alipokuwa na miaka 17, baba alimtuma Shekemu kuangalia kama ndugu zake wana amani. Aliwakuta Dotani. Wakamvua kanzu, wakamtupa shimoni. Rubeni alitaka kumwokoa kwa siri. Yuda akaleta shauri la kumuuza, na bei ikawa vipande 20 vya feza. Kanzu wakaichovya katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba. Yakobo, aliyemdanganya Isaka kipofu kwa ngozi za mbuzi, sasa alidanganywa kwa damu ya mbuzi.

Kule Misri alitumika kwa Potifari, akasingiziwa na mke wa bwana wake, akafungwa. Mnyweshaji wa mfalme aliyefunguliwa alimsahau miaka miwili mizima. Yosefu aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30.

Hapa tukae kidogo. Miaka hiyo yote alikuwa na kipawa cha kufasiri ndoto. Aliwafasiria wafungwa, alimfasiria mfalme. Hatusomi popote kwamba alikitumia kipawa hicho kuwalaani ndugu zake. Kwetu, mtoto akiugua au mihogo ikiharibika shambani, ndoto ya mtu mmoja inatosha kumtaja shangazi au kaka kuwa mchawi, na jamaa inavunjika. Yosefu alijua waliomtenda mabaya, bila kuhitaji ndoto yoyote.

Njaa ikaja. Ndugu 10 walishuka Misri kununua nafaka. Benyamini alibaki kwa baba. Yosefu aliwatambua, wao hawakumtambua, maana alisema nao kwa mkalimani. Akawaita wapelelezi, akawafungia siku tatu, akamshika Simeoni. Wengine hawapendezwi na ukali huu, wanauliza kwa nini hakuwakumbatia mara moja. Mimi naona alihitaji kujua neno moja: mtoto mwingine wa Rakeli wanamtendea nini? Akiwa nyuma ya mkalimani, akawasikia wakikumbushana jinsi alivyowasihi kule shimoni nao wakakataa kusikia. Habari za shimo zilipoandikwa, kilio hicho hakikutajwa. Tunakipata katika vinywa vyao wenyewe, miaka zaidi ya 20 baadaye. Akageuka pembeni, akalia.

Safari ya pili, Benyamini alipewa mezani sehemu mara tano kuliko wenzake, halafu kikombe cha feza kikakutwa ndani ya gunia lake. Mlango ulikuwa wazi: wamwache mtumwani, warudi nyumbani salama. Ni Dotani tena. Ndipo Yuda, yule yule wa shauri la kuuza, akaomba abaki mtumwa mahali pa mdogo wake.

Yosefu akawatoa Wamisri wote nje, asiwaaibishe ndugu zake mbele ya wageni, akalia hata nyumba ya Farao ikasikia. Hakuficha tendo: aliwakumbusha kwamba walimuuza. Akawaeleza pia kwamba Mungu alimtanguliza ili watu wapone na njaa. Alipowatuma kumleta baba, aliwaonya wasigombane njiani. Aliwajua! Wangeanza kuulizana nani alisema nini kwanza.

Yakobo alishuka na miaka 130, na watu wa nyumba yake wote walikuwa 70, wakakaa Gosheni. Waliishi pamoja miaka 17, sawa na ile ya kabla ya shimo. Yakobo alipokufa, ndugu waliogopa upya, wakatuma ujumbe kwamba baba aliagiza wasamehewe. Yosefu akalia. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu Dotani, nao bado hawajaamini. Akawatuliza tena, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao.

Alikufa na miaka 110, akiwa amewaapisha Waisraeli kuichukua mifupa yake siku Mungu atakapowatoa. Musa aliibeba usiku wa kutoka. Ilizikwa Shekemu, katika kiwanja alichonunua Yakobo kwa vipande 100 vya feza, pale pale alipotumwa kijana yule kuangalia kama ndugu zake wana amani.