Joy Adamson na Uchoraji wa Sura za Watu kwa Rangi za Maji

Walimu wanafunzi wengi wamjua Joy Adamson kwa habari za simba jike Elsa, aliyesimuliwa katika kitabu cha mwaka 1960. Sisi twamleta katika kurasa hizi kwa kazi iliyomtangulia simba huyo: kuchora sura za watu kwa rangi za maji.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, chini ya dola ya Austria na Hungaria, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Alisomea muziki huko Vienna. Mwaka 1937 alifika Kenya, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy. Bally alikusanya mimea, naye mkewe akaanza kuichora.

Maua hayo, kwa maoni yetu, ndiyo yaliyomfundisha. Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, na mahali palipokwisha kuwa peusi hapaponi kwa urahisi. Mchoraji hana budi kuanza na rangi hafifu, angoje ikauke, ndipo aongeze. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za mimea. Wakati huo alikwisha kuolewa na George Adamson, bwana nyama wa kaskazini mwa Kenya.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, ambayo yalikuwa yakipotea. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa ya safari, ikazaa mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa Nairobi, na kitabu chake juu ya watu hao kilitolewa mwaka 1967.

Tuzitazamapo picha hizo twaona shanga zimechorwa kwa uangalifu mkubwa, na ngozi haikupakwa hudhurungi moja tu. Watoto wetu hupaka uso mzima rangi moja kutoka katika kisanduku. Wapewe nyekundu, njano na buluu wachanganye wenyewe, nao wataona kuwa rangi ya paji la uso lililopigwa na jua si rangi ya chini ya kidevu.

Hata hivyo tuna shaka moja. Picha nyingi zajulikana kwa kabila na cheo cha mchorwa kuliko kwa jina lake. Serikali ilitaka kumbukumbu ya mavazi, ikaipata. Aliyeyavaa akabaki nyuma ya ushanga wake. Ndiyo sababu twapenda mtoto wa Mwanga au Ujiji aanze na bibi yake, au rafiki akaaye naye dawati moja. Bibi amjua hata jinsi akunjavyo jicho moshi wa jiko ukimpata. Achore uso kwanza, kanga baadaye, na jina la bibi liandikwe chini. Asimweke kitini saa nzima: rangi ya kwanza inapokauka, bibi aweza kwenda kugeuza migebuka yake jikoni, kisha arudi.

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba, kaskazini mwa Kenya, alikokuwa akimlea chui. Mwalimu atakayepata nafasi ya kufika Nairobi na aulizie picha zake za watu. Aanze na macho, mapambo ayaache mwisho.