Petro Claver, Mtumwa wa Watumwa

Wengi wetu hudhani ya kuwa mtu mwenye huruma amezaliwa na moyo mchangamfu, na kwa hiyo haoni taabu kuwagawia wengine furaha yake. Petro Claver hakuzaliwa hivyo. Wakubwa wake katika Shirika la Yezu waliandika katika daftari zao kwamba akili yake ni ya kadiri tu, busara yake ni haba, na tabia yake ni ya huzuni. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyewafariji watumwa wa Afrika kwa muda wa miaka zaidi ya 30.

Alizaliwa mwaka 1580 huko Verdú, katika Catalonia, nchi ya Hispania, akaingia Shirika mwaka 1602. Lakini kuingia kwake hakukumpa utulivu. Alisitasita kila mara: je, awe padre, au abaki bruda wa kazi za mikono? Aliliogopa daraja takatifu, tena akaogopa kukosea akilikataa. Nani kati yetu hajaonja taabu hiyo ya moyo unaojiuliza bila kujijibu?

Mwaka 1605 akapelekwa katika kisiwa cha Mallorca kujifunza filosofia. Mlangoni pa nyumba ile alikaa bruda mzee aliyepita miaka 70, jina lake Alfonso Rodríguez. Huyu alikuwa zamani mfanya biashara ya sufu katika mji wa Segovia. Mke wake alikufa, watoto wake wakafa, biashara yake ikaanguka. Alipoomba kupokelewa utawani alikataliwa kwanza, kwa kuwa umri wake ni mkubwa na elimu yake ni ndogo. Baadaye wakampokea, wakampa ufunguo wa mlango, naye akaushika miaka mingi. Kila kengele ilipolia alijizoeza kwenda kufungua kana kwamba Bwana mwenyewe anabisha hodi, hata kama aliyebisha alikuwa mchuuzi msumbufu. Kwa njia hiyo, mtu aliyepotewa na kila kitu alipata amani ambayo wanafunzi wenye Kilatini kingi hawakuwa nayo. Claver aliomba ruhusa ya kuongea naye kila siku. Mzee akamshauri avuke bahari, aende Amerika, ambako watu wengi walikuwa wakiteseka bila mtu wa kuwaangalia.

Akasafiri mwaka 1610. Tarehe 19 Machi 1616 akapewa upadre katika mji wa Cartagena, katika nchi inayoitwa leo Kolombia. Bandari hiyo ilikuwa soko kubwa la watu. Marikebu zilileta Waafrika kutoka mito ya Guinea, kutoka kisiwa cha São Tomé na kutoka Luanda. Miongoni mwao walikuwa watu wa Angola na wa ufalme wa Kongo. Walikuwa wamefungwa minyororo katika tumbo la marikebu majuma mengi, wagonjwa pamoja na wazima, na wengine wamekwisha kufa. Wengi wao waliamini kwamba Wazungu wanawapeleka kuchinjwa.

Sasa, ninyi wakatekista, angalieni utaratibu wake, maana hapa ndipo penye elimu yenyewe. Padre Alonso de Sandoval, aliyemtangulia katika kazi hiyo, alikuwa amemwonyesha njia. Marikebu ikionekana, Claver aliomba huku na huku machungwa, ndimu, mkate, tumbako na pombe kali kidogo. Akashuka chini katika harufu ile ambayo mabaharia wenyewe waliikimbia. Hakuanza na mafundisho. Aliwanywesha maji, akawaosha vidonda, akawafunika wagonjwa kwa joho lake, na joho hilo ikabidi lifuliwe mara kwa mara. Wakalimani walikwenda pamoja naye, kama vile Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Hao wakawaambia wageni, kwa lugha zao wenyewe, ya kwamba hawaletwi kuuawa. Hofu ilipopungua, ndipo alipotoa picha na kuwafundisha habari za Mungu.

Tarehe 3 Aprili 1622 alipoweka nadhiri zake za mwisho, aliongeza kwa mkono wake ahadi ya kuwa mtumwa wa Waafrika siku zote. Kusitasita kwake hakuonekani tena tangu siku ile. Tabia ya huzuni alibaki nayo, nadhani, maana tabia si nguo ya kuvuliwa. Lakini sasa ilikuwa na kazi. Katika kanisa lake matajiri waliotaka kuungama walipaswa kungoja mpaka watumwa wamekwisha.

Yafaa tuseme kweli pia. Wakalimani wake walikuwa watumwa, mali ya nyumba ya Wayezuiti, naye hakusimama kuidai biashara ile ikomeshwe. Waliofanya hivyo waziwazi walikuwa Wakapusini wawili huko Havana, Francisco José de Jaca na Epifanio de Moirans, mwaka 1681, nao wakafungwa kwa ajili yake. Claver aliwahurumia watu. Minyororo yenyewe aliikuta na akaiacha.

Mwaka 1650 tauni iliingia Cartagena, naye akapatwa na ugonjwa uliomwacha mikono ikitetemeka na miguu bila nguvu. Akalala chumbani miaka minne, amesahauliwa karibu na mji wote. Mtumwa aliyewekwa kumtunza alikuwa mkali, akala chakula cha mgonjwa, akamwacha peke yake mchana kutwa. Mzee hakumshitaki hata mara moja. Alikufa tarehe 8 Septemba 1654. Ndipo watu wakakumbuka, wakasongamana mlangoni kugombania vipande vya nguo zake.

Miaka michache baadaye Kanisa lilipoulizia habari za maisha yake, Andrés Sacabuche na wakalimani wenzake waliitwa kutoa ushuhuda. Mengi tunayoyajua juu ya kazi ya Claver katika marikebu zile yametoka vinywani mwao. Tarehe 15 Januari 1888 Papa Leo wa 13 alimtangaza kuwa mtakatifu. Siku ileile, katika ibada ileile, alimtangaza na Alfonso, yule mzee wa mlangoni.