Helena Rubinstein: mama aliyeuliza aina ya ngozi kabla ya kuipaka rangi

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, vumbi la Bunia huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Ni miezi hiyo pia ambayo mama wengi waliopita miaka 50 huona kwamba fondeteni isiyong'aa, ile krimu ya rangi ya ngozi inayosifiwa kwamba itakaa usoni tangu asubuhi hadi usiku, haiwakai. Wakitoka nyumbani inapendeza. Misa ikiisha, au sherehe ya mahari ikifika katikati, imeshapasuka pembeni mwa mdomo na kujikusanya kwenye mikunjo ya macho, na mtu anaonekana mzee kuliko alivyokuwa kabla ya kujipaka.

Wengi hulaumu duka, wakisema wameuziwa bidhaa bandia. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata ile ya asili inaweza kufanya hivyo. Vipodozi vya namna hii vina unga unaonyonya mafuta ya ngozi, pamoja na vimiminika vinavyoruka hewani na kuacha utando mkavu. Vinaifaa zaidi ngozi yenye mafuta. Mwanamke akishaacha kupata hedhi, mafuta ya ngozi yake hupungua. Unga ukikosa mafuta ya kunyonya, hushika magamba na kuyaonyesha.

Kwamba ngozi hazifanani, na kwamba ile kavu ina mahitaji yake, lilikuwa jambo geni katika biashara ya urembo miaka 120 iliyopita. Aliyelifanya kuwa biashara ya dunia nzima alikuwa binti wa muuza mafuta ya taa, Helena Rubinstein.

Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1872 mjini Kraków, katika Polandi ya leo, mtaa wa Wayahudi wa Kazimierz. Alikuwa kifungua mimba, na baada yake walikuja wadogo zake saba, wote wasichana. Familia ilikuwa na midomo mingi na pesa chache. Alikataa mume aliyetafutiwa, akagombana na baba yake, na mwaka 1896 akapanda meli kwenda Australia kwa ndugu za mama yake, walioishi katika kijiji cha Coleraine, sehemu ya wafugaji wa kondoo.

Huko ndiko alikoona nyuso zilizochomwa na jua na upepo. Wanawake wa wafugaji walikuwa na ngozi kavu, iliyokunjamana mapema, nao waliushangaa uso wake laini. Akiwa na krimu aliyotoka nayo nyumbani, alianza kufikiria kuitengeneza mwenyewe. Mali ghafi ilikuwa ikitembea mbele ya macho yake: sufu ya kondoo hutoa mafuta yanayoitwa lanolini, ambayo huzuia maji yasitoke ndani ya ngozi. Shida yake ni harufu mbaya. Aliificha kwa manukato ya maua, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akafungua duka Melbourne. Krimu akaiita Valaze.

Hapa lazima isemwe wazi kwamba Rubinstein alikuwa mwongo hodari. Alitangaza kwamba Valaze ni kazi ya daktari mkubwa wa Ulaya, iliyotengenezwa kwa mimea ya milima ya Carpathia. Ukweli ni kwamba ilikuwa mafuta na nta za kawaida. Alisema amesoma udaktari, naye hakuwahi kusoma. Umri wake aliupunguza kila alipopata nafasi. Bei aliipandisha makusudi, kwa sababu alijua mnunuzi hudharau kitu rahisi. Hesabu hiyo wachuuzi wa vipodozi wa Bunia wanaijua vizuri sana.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa uongo. Mwaka 1905 alirudi Ulaya kutembelea madaktari wa ngozi, na aliporejea kazini hakumuuzia kila mteja krimu ileile. Wateja wake walitazamwa kwanza: ngozi hii ni kavu, hii ina mafuta, hii ni ya kawaida. Matunzo yalifuata jibu hilo, na rangi ilikuja mwisho. Wengi wanaojipaka leo huanzia kwenye rangi.

Mama wa Bunia anaweza kulipima hilo bila kulipa pesa nyingi. Anaosha uso, na kabla ngozi haijakauka kabisa anapaka mafuta mazito kidogo upande mmoja tu, yawe ya karite yanayotoka upande wa Uganda au mengine aliyoyazoea. Anasubiri kama dakika 15 yaingie. Kisha anapaka fondeteni pande zote mbili, safu nyembamba, na kwenda kazini kama siku zote. Saa sita mchana anajitazama kwenye kioo, nje, juani, maana taa ya chumbani huficha. Ikiwa hata shavu lililopakwa mafuta limepasuka, basi fondeteni hiyo si yake, hata kama inamfaa binti yake wa miaka 20.

Rubinstein alifungua saluni London mwaka 1908, kisha Paris, na vita ya kwanza ya dunia ikamsukuma New York, alikofungua mwaka 1915. Alikuwa ameolewa na mwandishi wa habari Edward Titus, wakazaa watoto wawili wa kiume. Ndoa iliteseka kwa safari zake na kwa tabia ya bwana ya kufuata wanawake wengine, ikavunjika. Mwaka 1938 aliolewa na mwanamfalme wa Georgia, Artchil Gourielli-Tchkonia.

Mwaka 1928 aliiuzia benki ya Lehman Brothers biashara yake ya Marekani kwa dola milioni 7.3. Mwaka uliofuata soko la hisa likaanguka, naye akainunua tena kwa chini ya dola milioni 2. Mwaka 1941 alikataliwa kukodi nyumba Park Avenue kwa sababu ni Myahudi. Alilinunua jengo lote.

Ndani ya nyumba zake kulikuwa na kitu ambacho Wakongomani wangekitambua haraka: sanamu na barakoa za Afrika, kwa mamia. Mwaka 1935 alikopesha baadhi yake kwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika katika jumba la MoMA, New York. Maarufu kuliko zote ilikuwa sanamu ya mwanamke wa Bangwa, kutoka Kameruni. Uso wa Mwafrika wa mbao ulikaa sebuleni mwake. Ngozi ya Mwafrika aliye hai haikuwa sokoni mwake. Matangazo yake ya kwanza yaliahidi kuondoa madoa ya jua na kurudisha weupe. Ahadi ya weupe bado inauza Bunia, kwa krimu zenye haidrokwinoni au zebaki, na ngozi iliyochubuliwa hivyo miaka mingi ni dhaifu. Hakuna fondeteni inayoitengeneza.

Aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni, mara nyingi akiwa kitandani kwake asubuhi, amezungukwa na makaratasi. Mwaka 1964, akiwa amepita miaka 90, wezi waliojifanya wameleta maua waliingia nyumbani kwake na kumfunga kwenye kiti. Aliwakatalia funguo za kasha la vito, wakaondoka na pesa kidogo.

Alikufa New York tarehe 1 Aprili 1965. Mwaka uliofuata sanamu zake zilipigwa mnada, na ile ya Bangwa ikanunuliwa kwa dola 29,000. Kampuni yenyewe iliuzwa kwa Colgate-Palmolive mwaka 1973. Mwaka huohuo, mjini Chicago, Eunice Johnson wa gazeti la Ebony alianzisha Fashion Fair, vipodozi vya ngozi nyeusi, baada ya kuona wanamitindo wake wakichanganya fondeteni mbili au tatu nyuma ya jukwaa ili kupata rangi ya nyuso zao.