Kakai Kilonzo: Gitaa la Ukambani, Lugha ya Taifa

Mwaka huu mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alitutaka tuandike maisha ya mtu maarufu aliyeaga dunia zamani na ambaye alikitumikia Kiswahili. Wenzangu wengi wamemchagua Shaaban Robert, na si vibaya, kwani yule ni mwalimu wa walimu. Mimi nimemchagua mpiga gitaa. Najua wako watakaocheka na kusema ati muziki wa benga ni wa baa na wa matanga. Nawaomba wasome kwanza, wacheke baadaye.

Kakai Kilonzo alizaliwa mwaka wa 1954 huko Kilimambogo, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo. Kilima chenyewe kina kimo cha mita 2,145 na jina lake la Kimaasai ni Ol Donyo Sabuk. Ukiwa Thika siku isiyo na ukungu unakiona kimejiinamia peke yake kama nyati aliyelala. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Kakai alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Hata Makueni yetu siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Ilikatwa ikawa wilaya peke yake mwaka wa 1992, Kakai akiwa amekwisha kufa. Kwa hivyo mtu wa Wote au wa Kibwezi akimwita Kakai mtu wa kwetu, hasemi uongo.

Ili tumwelewe Kakai, ni lazima kwanza tuelewe benga. Muziki huu ulianzia kwa Wajaluo, kandokando ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1960. Wapigaji wa huko walichukua magitaa wakayapiga kwa namna ile ile ambayo wazee wao walipiga nyatiti, yaani kwa kudonoa nyuzi mbiombio. Moto huo haukukaa Nyanza tu. Ulipanda milima mpaka kwa Wakikuyu, ukashuka mpaka kwetu Ukambani. Kila kabila liliuonja likatia chumvi yake.

Chumvi ya Wakamba ilikuwa katika gitaa la pili. Sikiliza wimbo wowote wa zamani wa Kikamba utalitambua. Gitaa moja hukaa chini likishika njia ya wimbo. La pili hupanda juu kabisa, likidonoa sauti ndogo ndogo za haraka zinazozunguka na kurudi pale pale, mithili ya gurudumu la baiskeli. Besi na ngoma hufuata kwa nyuma. Mwimbaji akinyamaza, magitaa hupewa uwanja, na hapo ndipo hata mzee mwenye mkongojo husahau mkongojo wake. Kulikuwa na bendi nyingi za namna hiyo, lakini tatu zilizitangulia nyingine: Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, na Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo.

Hebu tulitazame jina hilo la mwisho, maana sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili na maneno ndiyo kazi yetu. Neno Les ni la Kifaransa. Lilikuja na wanamuziki kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na bendi za Nairobi zililipenda kwa sababu lilisikika kama la watu wa mjini. Kilimambogo ni Kiswahili kitupu, kilima cha mbogo. Brothers ni Kiingereza, yaani ndugu. Na vijana wenyewe walipofungua mdomo, waliimba Kikamba! Lugha nne katika bendi moja. Bendi hiyo ilianza kujulikana katikati ya miaka ya 1970, na Kakai ndiye aliyekuwa kiongozi na mwimbaji wake.

Siku hizo wimbo ulitoka kwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Mjomba wangu anayeishi Mutomo, huko Kitui, bado anaziweka zake ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Mashine ya kuzipigia iliharibika zamani, lakini hatoi hata moja. Likizo iliyopita nilipomtembelea alinionyesha jambo ambalo sikulijua. Upande mmoja wa santuri umeandikwa sehemu ya kwanza, na wa pili sehemu ya pili. Wimbo mmoja wa benga ulikuwa mrefu kuliko nafasi ya upande mmoja, basi ulikatwa katikati. Watu walikuwa wakicheza, wimbo unaisha ghafla, wote wanasimama vumbini wakingoja santuri igeuzwe. Mjomba anasema kwamba palipokosekana stima walitumia mashine ya betri. Betri zikichoka, sauti ya Kakai ilianza kuwa nzito kama ya mtu anayesinzia, nao wakazianika betri juani wapate dakika chache zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kakai alikuwa na wasikilizaji wake tayari. Wakamba walimpenda, walinunua santuri zake, na angeweza kukaa hapo hapo mpaka mwisho. Hata hivyo, alianza kurekodi kwa Kiswahili. Alipofanya hivyo, mambo yalibadilika. Mkamba, Mluhya, Mtaita na Mgiriama wote walisikia maneno na wakayaelewa. Sauti ya Kenya ilikuwa na idhaa ya taifa iliyotangaza kwa Kiswahili, na wimbo wa Kiswahili ulikuwa na nafasi huko kuliko wimbo wa lugha ya nyumbani. Nyimbo kama Mama Sofi zilimtoa Kakai Ukambani zikamfikisha nchi nzima, na yeye na ndugu zake wa Kilimambogo wakawa vipenzi vya taifa mpaka alipokufa.

Kwa nini Kiswahili? Nafikiri sababu moja ni soko, na sioni haya kuisema, kwa maana mwanamuziki pia hula. Nairobi ya miaka ile ilijaa bendi zilizoimba Kiswahili na kuuza vizuri. Simba Wanyika ya ndugu wa ukoo wa Kinyonga, waliotoka Tanga, ilikuwa moto. Les Wanyika nao walikuja na wimbo wa Sina Makosa, ambao hata sisi tuliozaliwa juzi tunaujua. Lakini nadhani iko sababu nyingine. Kilimambogo si mbali na Thika, penye mashamba makubwa na viwanda, ambako watu wa makabila mengi hukutana kazini. Mtoto anayekulia mahali kama hapo hangoji shule imfundishe kwamba Kiswahili ni lugha ya kuombea maji kwa jirani.

Tena Kiswahili si mgeni katika Ukambani. Mababu zetu wa Kitui walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19. Mmishonari Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka wa 1849, alikuwa amesimama Kitui, na ni Krapf huyo huyo aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka uliofuata. Kwa hiyo Kakai hakuazima lugha ya watu. Aliingia katika njia ambayo miguu ya Wakamba ilikuwa imeikanyaga kitambo.

Nilipousoma mswada wangu mbele ya wenzangu, rafiki yangu mmoja alinipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema: mbona Katelina ulitikisa nchi nzima na uliimbwa kwa Kikamba? Ni kweli kabisa. Wimbo huo wa Kalambya Sisters, wasichana walioimba wakipigiwa magitaa na Kalambya Boys, ulivuma Kenya yote katika miaka ya 1980 na hata kuvuka mipaka. Kumbe basi wimbo wa lugha ya nyumbani unaweza kusafiri. Nilikaa nikifikiri siku mbili. Jibu langu ni hili. Katelina ni hadithi ya msichana anayependa pombe na kupata mimba mwaka baada ya mwaka. Wakamba walicheka, na wengine pengine walijiuliza maswali moyoni. Lakini wasiojua Kikamba walicheza tu. Walipokea ngoma wakaacha habari yake mlangoni. Kakai alitaka vyote viwili viingie ndani, ngoma na habari. Nyimbo zake zilisema juu ya maisha ya watu, ndoa, wakwe na majirani, na mtu wa Kakamega aliweza kubishana nazo kama vile mtu wa Mwingi.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba alipobadilisha lugha, hakubadilisha gitaa. Lile gitaa la juu linalozunguka liliendelea kuzunguka vile vile. Mwenye masikio alijua mara moja kwamba huyu ni Mkamba, hata kabla mtu hajafungua mdomo. Hapa naomba niwaambie wenzangu jambo bila kuwaficha. Kuna wanafunzi wanaowacheka wengine kwa lafudhi. Kikamba hakina sauti ya r, kwa hivyo wengi wetu ulimi huteleza tukasema balabala. Mwanafunzi mmoja niliyemfahamu katika shule ya msingi aliacha kabisa kujibu maswali ya Kiswahili kwa sababu ya kuchekwa. Laiti angejua kwamba Kenya nzima ilicheza kwa Kiswahili cha Mkamba! Sisemi tusijifunze matamshi sanifu, la hasha. Mtihani ni mtihani. Ninachosema ni kwamba lugha ya taifa haikuundwa ili watu waifiche sauti ya kwao.

Maisha ya bendi hayakuwa asali tupu. Miaka ya 1980 ilipoendelea, kanda za kaseti zilienea kila mahali. Kanda zilikuwa rahisi, na zaidi ya hayo, mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili wimbo usiku na kuuza asubuhi stendi ya basi. Mwimbaji hakupata hata ndururu. Santuri, ambazo wafanyabiashara wa River Road walizitegemea, zilianza kukosa wanunuzi. Bendi nyingi za benga ziliumizwa na wizi huo. Nyimbo zilisikika kila kibanda, lakini aliyezitunga hakunufaika ilivyompasa. Tukumbuke hayo leo tunapotumiana nyimbo kwa simu bila kumfikiria aliyezitolea jasho.

Mwaka wa 1987 Kakai Kilonzo aliaga dunia. Hesabu mwenyewe, msomaji: hakuwa amezidi miaka thelathini na mitatu. Ni umri wa walimu wetu vijana wanaotufundisha sasa hivi. Alikuwa amefanya kazi ya muziki kwa muda wa miaka kumi na kitu tu, na mengi bado yalikuwa mbele yake. Kifo chake kiliwaacha ndugu wa Kilimambogo kama zizi lililopoteza fahali wake, kwani bendi na jina la Kakai vilikuwa kitu kimoja masikioni mwa watu. Hapo pia pana funzo. Kazi inayosimama juu ya mtu mmoja huyumba mtu huyo akiondoka.

Hata hivyo hakupotea. Mkusanyo wa nyimbo zake ulitolewa kwa sidii huko Ujerumani, ili watu wa mbali wausikie mlio wa Ukambani. Hapa nyumbani nyimbo za benga za Kikamba zinaendelea kutungwa, na vijana wanaopiga magitaa leo Kitui na Makueni wanapita katika njia ambayo Kakai na wenzake waliilima. Ukipanda gari kutoka Kibwezi kwenda Kitui kwa barabara ya lami, ukavuka Mto Athi, si ajabu dereva akaweka wimbo wa zamani. Utawaona abiria wazee wakitikisa vichwa pole pole, na wewe mguu wako utaanza kugonga sakafu kabla hujajua.

Shaaban Robert alituachia vitabu, na tutaendelea kuvisoma. Kakai Kilonzo alituachia santuri. Mmoja alikipamba Kiswahili kwa kalamu, mwingine alikitembeza kwa gitaa mpaka kwa mama anayechota maji na utingo wa lori, watu ambao labda hawakupata nafasi ya kufungua kitabu. Kwa maoni yangu wote wawili wanastahili kutajwa katika jarida hili. Ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee mwenye sanduku la santuri, mwulize habari zake mapema, uandike katika daftari, maana wazee wanaondoka na santuri zinaliwa na mchwa.

Mungu aiweke roho ya Kakai Kilonzo mahali pema peponi. Sasa wenye kucheka wana ruhusa.