James Paris Lee: Fundi wa Saa Ambaye Bunduki Yake Ilifika Isiolo

Wasomaji watastaajabu kuona leo nawaletea habari za Mskoti aliyefariki mwaka 1904, mtu asiyepata kukanyaga pwani yetu wala bara yetu. Lakini jina lake lilibebwa begani na maelfu ya babu zetu, wala wao hawakujua kuwa wanabeba jina la mtu. Naye ni James Paris Lee, ambaye bunduki ya askari wa KAR, ile Lee-Enfield, iliitwa kwa jina lake.

Mimi nilimjua Lee kwa njia ya Isiolo. Mwaka 1977 nilitoka Mombasa kwenda huko kufanya kazi ya ukarani. Mtoto wa Kibokoni, niliyezoea upepo wa bahari, nikajikuta katika mji wa vumbi na ngamia, kwenye njia ya Marsabit na Moyale. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kuandika nambari za bunduki za askari wa akiba, wale homugadi wanaolinda mifugo, kila zilipoletwa kukaguliwa. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za vita, za komeo la kuvuta na kusukuma kwa mkono, ambazo watu wa huko huziita Mark 4. (Jina lake la kiwandani ni Namba 4, lakini katika ubishi huo sijapata kumshinda mtu wa Isiolo hata mmoja.)

Kazi ilitaka nambari moja tu. Mimi, kwa ruhusa ya mkubwa wangu, nikaanza kunakili kila alama iliyopigwa katika chuma: herufi za kiwanda, mwaka, taji la mfalme, na ule mshale wa serikali ya Kiingereza. Nikajinunulia daftari la jalada gumu, na kila bunduki nikaipa mstari wake. Nambari ya komeo ikitofautiana na ya mtutu, nilijua kuwa bunduki hiyo imepata kufunguliwa na kuunganishwa na nyingine. Wenzangu waliniona nina kichaa kidogo. Ndipo nikataka kumjua aliyeianzisha.

Lee alizaliwa tarehe 9 Agosti 1831 katika mji wa Hawick, kusini ya Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa saa. James angali mdogo, jamaa wote walihamia Kanada wakakaa Galt, katika jimbo ambalo leo ni Ontario, na huko ndiko alikojifunza kazi ya baba yake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 aliunda bunduki yake ya kwanza kwa bastola kuukuu ya mzee wake na kipande cha mti alichokichonga mwenyewe, nayo haikufanya kazi sawasawa. Mimi naamini kuwa saa ndizo zilizomfunza. Mtu aliyekaa miaka mingi akitazama jinsi kamani inavyosukuma gurudumu dogo, na gurudumu likasukuma jingine kwa zamu yake, ana jicho ambalo mhunzi wa kawaida hana.

Baadaye alihamia Marekani, jimbo la Wisconsin. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vilivyokwisha mwaka 1865, alipata mkataba wa kuliuzia jeshi bunduki 1,000. Ukazuka mzozo juu ya kipimo cha tundu ya mtutu, jeshi likazikataa. Mtu mwingine angalirudi kwenye saa zake. Lee akaendelea.

Hapa nawaomba wasomaji wanisubiri kidogo, maana hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Zamani askari alitia risasi moja, akapiga, akatafuta nyingine mfukoni. Wengine wakazuia shida hiyo kwa kupanga risasi ndani ya bomba refu chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Lakini hivyo ncha ya risasi ya nyuma huelekea kwenye fataki ya ile ya mbele, jambo la hatari. Lee akafanya kisanduku cha bati, akakitia chini ya komeo, na ndani yake risasi zikalala moja juu ya nyingine, na chini kabisa akaweka kamani. Komeo likivutwa nyuma, kamani huinua risasi moja. Komeo likisukumwa mbele, huichukua na kuiingiza. Ni hivyo tu. Hati ya ubunifu huo aliipata Novemba 1879. Kiwanda cha Sharps kilichoanza kuitengeneza kikafungwa, kazi ikahamia kwa Remington.

Waliomtukuza Lee hasa ni Waingereza. Mwaka 1888 walichagua komeo lake na kisanduku chake, wakaviunganisha na mtutu wa Metford. Baruti mpya isiyo na moshi ilikuwa na joto kali, ikaila mifuo ya mtutu huo. Basi mwaka 1895 wakatia mtutu wa kiwanda cha Enfield, jina likawa Lee-Enfield. Yeye alifariki Connecticut tarehe 24 Februari 1904, miaka kumi kabla ya vita vilivyoitangaza bunduki yake duniani.

Sisi watu wa pwani tuliipata habari yake mapema. Novemba 1914 jeshi la Kihindi la Waingereza lilishuka Tanga. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki za mwaka 1871, za risasi moja moja, zenye moshi wa kumwonyesha adui mahali ulipolala. Waingereza walishindwa, wakarudi merikebuni wakiacha bunduki za kuzitosha kombania tatu na risasi zipatazo 600,000. Kwa hiyo bunduki ya Lee ikabadili bwana, ikawapiga wale wale walioileta.

Isiolo ilikuja kwa wingi katika vita vya pili, mji ulipokuwa njia ya majeshi yaliyokwenda kumpiga Mtaliani. Mogadishu ilitekwa tarehe 25 Februari 1941, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Daftari langu lina bunduki za Enfield, na ya Ishapore, Bara Hindi. Ninayo ya Long Branch, karibu na Toronto, katika Ontario ile ile alikokulia Lee. Ninayo pia ya kiwanda cha Savage, Massachusetts, jimbo linalopakana na Connecticut alikofia. Imepigwa mhuri wa mali ya Marekani, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza.

Sasa nifike kwa mzee mmoja wa Kisomali, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ya wanawe. Alikuwa KAR, akapigana Uhabeshi kisha Burma. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa barazani mwa msikiti, nami nikakaa naye. Nilipomweleza habari za daftari, akanitajia nambari ya bunduki yake, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita, miaka 30 na zaidi tangu airudishe. Kisha akatoa cheti chake cha kuachishwa jeshi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kombo, na la baba yake halikuwamo kabisa.

Nilimkumbuka mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba marehemu wa vita vya kwanza wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Bunduki ya Lee ilipigwa nambari kwenye mtutu, ikapigwa tena kwenye komeo.

Nilimtafutia mzee bunduki yake katika kila ukaguzi mpaka nilipohamishwa mwaka 1984. Sikuiona. Jioni ya kuagana aliniomba niiandike nambari hiyo daftarini hata hivyo. Nikaiandika. Mahali pa kiwanda nikapaacha wazi, na mahali pa maelezo nikaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kama alivyonitamkia. Akanisomesha mara mbili ahakikishe sikukosea.