Joginder Singh: fundi wa Kericho aliyeyashinda magari ya mbio kwa gari la mtaani

Ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori na Kisii, safari ya saa chache inakufikisha Kericho, kwenye mashamba ya chai. Huko ndiko alikozaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, naye akakulia humo akishika spana. Kila tunaposikia vijiwe vya Tarime na Mugumu vikibishana gari lipi ni kali, tunamkumbuka fundi huyu.

Mashindano ya Safari yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara zisizofungwa: malori yapo, ng'ombe wapo. Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwishatumika, gari ambalo mtu angeweza kwenda nalo sokoni. Walishinda kwa tofauti ya dakika 100 hivi.

Ushindi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 1974, akiwa na David Doig, aliendesha Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6 na kuitangulia Porsche 911 ya Björn Waldegård. Porsche nayo ilikuwa gari la barabarani, ila la spoti, lenye nguvu kuliko Lancer.

Wakati huo Waitaliano walikuwa wamekuja na jambo jipya. Lancia Stratos haikuwa gari la mtaani lililoongezewa nguvu. Ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano. Ilikuwa fupi, ya watu wawili, na injini ya Ferrari ilikaa nyuma ya dereva. Yale machache yaliyouzwa kwa wateja yaliundwa kwa sababu kanuni zilidai hivyo. Iliwapa Lancia ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Kwa kweli, kwa kasi tupu Lancer haikuwa saizi yake.

Lakini Safari ilikuwa karibu kilomita 5,000 za vumbi, mawe na tope. Anayeijua barabara ya Tarime kwenda Mugumu wakati wa mvua ataelewa haraka. Gari la uwanjani huundwa likijua kona inayofuata. Huku kona inayofuata inaweza kuwa mto. Gari la mtaani lina uzito na uvivu wake, lakini limezaliwa kubeba mizigo na kupigwa na mashimo kila siku. Ukilijua vizuri, unajua pia lini ulihurumie. Hapo ndipo ufundi wa gereji ulipomsaidia Joginder: kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Sisi tunaiona hesabu hiyo kuwa kubwa kuliko makombe yenyewe.

Mwaka 1976 Stratos zilirudi na madereva wakali, akiwemo Sandro Munari. Hakuna hata moja iliyomaliza. Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, Joginder akiwa mbele na Doig pembeni yake. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu, na mashabiki wakamwita Simba.

Alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Stratos iliacha kuundwa zamani, na Safari haikuwahi kuishinda.